Vizuri, Endelea Hivyo Hivyo

Sauti yangu si nzuri, na najua. Nikiwa shule ya msingi mwalimu wa kwaya aliniambia nisimame nyuma, nifungue mdomo tu bila kutoa kitu, na mimi nikaimba kwa nguvu zaidi ili kumkomoa. Kwa hiyo mradi ulipokuja Ifakara ukitafuta mtu wa kurekodi maneno ya kuwekwa ndani ya kidude, na mhandisi wao akanichagua mimi kati ya wanawake wanne, nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Alisema wale wengine wanabembeleza. Mtu ambaye mwenzake ameanguka na moyo umesimama, alisema, habembelezwi, anaamriwa.

Kidude chenyewe kilikuwa kipande cha plastiki cha kuenea kiganjani. Unakiweka katikati ya kifua cha aliyeanguka, unapanga mikono yako juu yake, unabonyeza, unaachia, unabonyeza tena. Ndani kina kitu kinachopima kimeshuka kiasi gani kila ukibonyeza. Ukibonyeza juujuu, taa inawaka nyekundu na sauti inasema, "Ongeza nguvu." Ukifikisha sentimita tano hivi, taa inawaka kijani na sauti inasema, "Vizuri, endelea hivyo hivyo." Katikati ya maneno kinalia tik, tik, tik, kukupa mwendo. Nia ilikuwa kwamba mtu yeyote asiyesomea udaktari, muuza nyanya au mvuvi au dereva wa bodaboda, aweze kumsukumia mwenzake damu mpaka msaada ufike. Huku kwetu msaada unafika ukipenda.

Tulirekodi kwenye stoo ya ofisi, madirisha yamefungwa na feni imezimwa ili isisikike. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Neno "ongeza nguvu" nililipata mara ya kwanza, hilo nimelisema maisha yangu yote. "Vizuri" ndilo lililonishinda. Mhandisi alinirudisha na kunirudisha, akisema sijamaanisha, mtu akinisikia hatajisikia amesifiwa. Mwishowe nilimkumbuka mwanangu wa kwanza siku aliyotembea, nikasema vizuri, na mhandisi akainua kidole gumba. Hilo ndilo liliingia ndani ya vidude vyote.

Kisha nikapewa kazi ya kufundisha. Tulikuwa watatu, mimi, dereva wa mradi, na sanamu la kufundishia, ambalo lilikuwa kichwa na kifua tu, bila mikono wala miguu. Watu wa bonde hili wamefanyiwa utafiti tangu hawajazaliwa. Ukishuka kwenye gari Namawala na begi la ofisi, kabla hujasalimia mtu anakuuliza leo ni kutoboa kidole au kukusanya mbu. Wana adabu ya wageni wa utafiti: wanakaa, wanasikiliza, na wanakupa jibu wanaloona unalitaka. Mimi si mgeni, nimezaliwa hapa hapa, na nilijua wananifanyia adabu hiyo hiyo. Nilikubali kwa sababu ilikuwa inapendeza.

Nilikuwa mwalimu mkali. Nitasema ukweli, kazi ile niliipenda kwa sababu iliniruhusu kuwafokea wanaume mchana kweupe na wao wakashukuru. "Hapo unabonyeza au unapapasa?" "Wewe, unakanda maandazi?" Dereva mmoja wa bodaboda pale Lupiro alisimama katikati ya zoezi akapangusa uso.

"Madamu," akasema, "ukinifokea wewe, na kidude nacho kikanifokea kwa sauti yako, mgonjwa atapona ila mimi nitakufa."

"Ukifa tutakutumia kufundishia," nikamwambia. "Hili sanamu limechakaa."

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka. Nilijiona mtu.

Namawala ndiko nilikofanya kosa, na lilikuwa kosa dogo kiasi kwamba wakati nalifanya nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Nilikuwa nimelaza sanamu chini, kwenye sakafu ya darasa la shule. Wanawake walikaa mbali, hakuna aliyesogea. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu, niliyekuwa nimemwamkia shikamoo pale mlangoni, ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake.

"Mwanangu, mgonjwa analazwa kitandani. Wa kulazwa chini tunamjua. Sisi hapa tukimwona mtu kalazwa hivyo tunaanza kulia."

"Bibi, hili ni plastiki."

"Hata kama. Huo ni uchuro. Nikijifunza kumlaza mtu chini angali hai, ninamchuria."

Kitabu changu cha kufundishia kilisema wazi, ukurasa wa pili, kwamba aliyeanguka awe juu ya kitu kigumu, sakafu au ardhi. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo. Nilikuwa nimefanyiwa mtihani juu yake, na nilipata. Sitaki mtu anitetee hapa. Nilitazama saa, nikawatazama wale wanawake waliokunja mikono, nikamtuma dereva kwa mwenyekiti wa kitongoji akaazime godoro la sponji.

Basi, ikawa raha. Magoti hayaumi, khanga hazichafuki, uchuro umeondoka. Na taa! Wanawake wa vijiji vingine walikuwa wananipa nyekundu tupu, hawa wakanipa kijani. Bibi yule alibonyeza mara thelathini na zote zikawa kijani, sauti yangu ikamsifu mpaka akaona aibu, wenzake wakapiga vigelegele. Niliandika kwenye fomu kwamba washiriki wote wamefaulu. Kutoka siku ile godoro likasafiri nami kwenye gari, na matokeo yangu yakawa yanasomwa ofisini mbele ya wenzangu. Nilidhani nimekuwa mwalimu bora.

Sasa nimtaje mama. Alikuwa na mwaka wa pili akiishi nasi, ameshushwa kutoka Mahenge kwa sababu ya moyo. Hospitalini walituambia umetanuka. Miguu ilikuwa inavimba, ukiigusa kidole kinaacha shimo, na usiku alilala amekaa, ameegemea mito. Mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Alipokisikia kidude kwa mara ya kwanza alisema, "Kumbe wamekutia kwenye plastiki na bado unafoka."

Mume wangu ni Msukuma. Watu wake waliingia bondeni na ng'ombe, yeye akaikimbia mifugo akaajiriwa mashineni, kukoboa mpunga, anarudi jioni kope zimejaa pumba. Mama hakupata kumwita kwa neno lolote isipokuwa "huyo wa mashine." Na yeye, kwa upande wake, hakupata kumtazama mama usoni. Kwao mkwe ni mkwe, na kwetu pia. Mama alipokuja kukaa nasi tulimtobolea mlango wa nje chumba chake, ili wasikutane ukumbini. Mume wangu akitaka kupita uani alikohoa kwanza, akasubiri, mama akaingia ndani, ndipo akapita. Akitaka kumsalimia alichuchumaa mbali, macho chini, "Shikamoo mama," na mama akajibu kama anayefukuza kuku. Siku za mavuno alimletea chenga za mchele kwa ajili ya uji, akaziacha mlangoni, akakohoa, akaondoka. Mama alizila zote na hakushukuru.

Nilimwomba mhandisi kidude kimoja cha kukaa nyumbani kwa sababu ya ule moyo, akanipa, akaniandikisha. Nilikitundika kwenye msumari kando ya mlango wa mama. Nilikuwa na mpango: mimi nashinda vijijini, wanangu wako shule za bweni, jirani yetu wa ukuta mmoja ana mikono ya kumenyea karanga tu. Mtu mwenye mikono ya kuokoa alikuwa mume wangu, kwani mashine yao ipo hatua mia mbili kutoka nyumbani.

Mama aliukataa mpango siku hiyo hiyo. "Nikianguka niacheni. Huyo wa mashine asinishike. Bora nife na heshima yangu."

Mume wangu naye aliukataa, kwa namna yake. Hakusema hapana. Aliangalia mikono yake tu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, nimemletea sanamu nyumbani na kulilaza kwenye kitanda chetu kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji, nimepiga deki.

"Mama watoto," akasema, "hili sanamu nitalibonyeza. Lakini yule ni mama."

"Ukifika pale si mama tena. Ni mtu anakufa."

"Siwezi kuweka mkono pale."

"Utaweka," nikamwambia. "Ukimwacha afe kwa sababu ya haya zako, sitakusamehe. Nakuambia leo, mchana, nikiwa na akili zangu."

Alibonyeza. Ana mabega ya kubeba magunia, kitanda kilikuwa kinalia. Kijani, kijani, kijani. Kidude kikamsifu kwa sauti yangu, ile niliyomwazia mwanangu, na nikaona shingo yake inalegea kidogo kwa furaha, kwa kuwa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe sikuwa na desturi ya kumsifu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa Lupiro na wale wa bodaboda, simu nimeizima kwa sababu nimepiga marufuku simu darasani. Dereva wa mradi alikuja mlangoni na simu yake mkononi, hakuingia. Nilimfokea asisimame kwenye mwanga. Akasema, "Dada, njoo nje."

Tulivuka daraja la kurudi Ifakara kwa mwendo ambao mradi hauruhusu. Sikulia. Nilikuwa nahesabu mambo ya kumuuliza mume wangu.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, bado na nguo za mashine, na vumbi la pumba limefanya tope kwenye mashavu. Jirani alikuwa amekaa kando yake, akiwa na khanga ya mama iliyokunjwa mapajani. Sikumpa mtu pole, sikupokea. Nilimwambia, "Ulimbonyeza?"

"Nilimbonyeza."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Mbona basi unanikwepa macho?"

Jirani akasema dada, jamani. Mimi nikasema jamani nini. Hivyo ndivyo nilivyomfariji mume wangu siku aliyopoteza mkwe.

Habari kamili nilipewa na jirani, kwa vipande, wakati tunasubiri karatasi. Mama alikuwa ametoka kuoga. Jirani alisikia kishindo, akaingia kwa mlango wa nje, akamkuta sakafuni, chali, katikati ya chumba, macho wazi. Alimwita, hakuitika. Hakuwa anapumua ila kukoroma kidogo, kisha hata hilo likaisha. Jirani alikimbia hadi mashineni akipiga kelele. Mume wangu aliacha mashine inazunguka, mpunga unamwagika, akaja mbio. Alifika mlangoni kwa mama, mlango ambao hakuwahi kuuvuka, akasimama.

"Akakohoa," jirani akasema. "Dada, wallahi akakohoa kwanza. Ndipo akaingia."

Kisha wakamnyanyua. Ndiyo. Alikuwa ameangukia saruji, palepale ambapo kitabu kinasema, hapakuwa na haja ya kumsogeza hata kidogo. Lakini jirani alisema, huwezi kumwacha mtu mzima chini, unamchuria, na mume wangu akasema hata mke wangu alinifundishia kitandani. Wakamshika, mmoja mabega na mwingine miguu, wakamlaza kwenye godoro nililomnunulia mimi, lile nene, la mgonjwa. Jirani alimfunika khanga kifuani kwa staha. Mume wangu akakitoa kidude kwenye msumari, akakiweka juu ya khanga, akafumba macho, akaanza.

"Alikuwa anasema nisamehe mama, nisamehe mama, kila akishuka," jirani akasema. "Na wewe unamjibu."

"Mimi?"

"Kile kidude. Vizuri, endelea hivyo hivyo. Mimi nikapata moyo. Nikasema kama dada mwenyewe anasema vizuri, basi mama anarudi."

Walipopata bajaji mume wangu alikuwa amelowa jasho. Hospitalini walimpokea mama, wakamtazama, wakamfunika.

Mimi niliyeyasikia yote hayo sikusikia kitanda. Hiyo ndiyo aibu ya akili yangu. Nilisikia khanga, nilisikia kufumba macho, nilisikia nisamehe mama, na nikajifanyia hesabu yangu kwamba amemwonea haya. Mtu anayeomba msamaha kila akishuka hawezi kushuka vya kutosha. Na kidude je? Nilijiambia jirani amechanganyikiwa, sauti aliyoisikia ni "ongeza nguvu."

Msibani ikawa mbaya zaidi. Kaka zangu walishuka kutoka Mahenge wakiwa wameshaelezwa kwa simu kwamba shemeji yao alimpanda mama kifuani. Kaka mkubwa alimpa mkono wa pole bila kumtazama, kisha akaufuta kwenye suruali. Sahani za chakula zilipopita chini ya turubai, mkeka aliokalia mume wangu ulikuwa na mtu mmoja. Neno moja langu lingewanyamazisha. Ningesema mimi ndiye niliyemwagiza, tena kwa vitisho. Nilikuwa ndani na wanawake, miguu nimeinyoosha, nikinyamaza.

Kisha wakaja watani. Anayejua misiba yetu anajua kwamba mtani hana simile, ndiyo kazi yake, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye makosa. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, walishapata habari zote jikoni. Mwanamke alijilaza kwenye jamvi mbele ya watu, akajifunika khanga kifuani, akatoa ulimi nje. Mwanamume akaja akichechemea, amejipaka unga usoni awe mtu wa mashine. Akakohoa. Watu wakaanza kucheka. Akachuchumaa, "Shikamoo mama," akaanza kumbonyeza yule mwanamke tumboni kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuzia pembeni kama anayeshika kinyesi. Na yule mwanamke akiwa amekufa, akafungua mdomo akasema kwa sauti yangu, kwa sauti yangu kabisa, ile ya puani, "Vizuri, endelea hivyo hivyo."

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Wanaume walipiga mapaja. Nilicheka mimi pia, nilicheka mpaka machozi ya kulia yakapata njia na yenyewe, na wanawake wakanishika wakidhani ni uchungu. Kupitia mlangoni nilimwona mume wangu kwenye mkeka wake. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu utani hauruhusu vinginevyo, na alikuwa akiitazama mikono yake.

Wiki ya pili baada ya maziko nilikirudisha kidude ofisini. Vidude vile vinaweka kumbukumbu ya kila mbonyezo, na hiki kilikuwa cha kwanza kutumika kwa mtu kweli. Mhandisi aliponipa pole, nilimwona macho yanakwenda kwenye begi langu. Sikumlaumu. Nilimwambia nataka kuona na mimi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa nyekundu. Nilitaka kuziona, nikae nazo, nirudi nazo nyumbani.

Alikiunganisha kwenye kompyuta. Mistari ikapanda kwenye kioo, dakika baada ya dakika, na yote ilikuwa ya kijani. Alishusha chini, chini zaidi. Kijani. Nyingine zilipita hata kina kinachotakiwa. Mwendo haukuyumba. Mume wangu alikuwa amebonyeza dakika kumi na tatu bila kupumzika na hakukosea hata mara moja.

"Mungu wangu," mhandisi akasema. "Hata mimi siwezi hivi. Huyu ni nani?"

"Mume wangu."

"Mpe hongera. Namaanisha, mpe pole, lakini umwambie alifanya kila kitu." Akachukua fomu. "Mgonjwa alikuwa amelala wapi?"

Hapo ndipo nilipokisikia kitanda. Nilikisikia kama kilivyokuwa kinalia kwangu Jumapili ile, mbao na sponji.

"Chini," nikasema.

"Saruji?"

"Saruji."

Akaandika. Nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu anayetaka kuongeza maarifa, ingekuwaje kama mtu angelazwa kwenye godoro. Alifurahi kuulizwa. Alichora kwenye karatasi kifua, godoro chini yake, na mshale. Kidude kinajua kimeshuka kiasi gani tu, alisema, hakijui kilichobonyea ni nini. Kwenye godoro nene, unabonyeza sentimita tano, tatu zinakwenda kwenye sponji, kifua kinapata mbili, na chenyewe kinakusifu. Toleo lijalo watarekebisha. "Ndiyo maana mnasisitiza sakafu," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Tunasisitiza."

Labda asingepona. Muuguzi mmoja tunayefahamiana aliniambia moyo wa namna ile hata ungeangukia mikononi mwa bingwa ungekataa. Nilimshukuru. Haikunisaidia kitu, kwa kuwa sikuwa nauliza kama angepona. Nilikuwa najua sasa kwamba kwa dakika kumi na tatu mume wangu alilibonyeza godoro langu, kwa nguvu zake zote, mbele ya aibu zake zote, na mimi nikawa namwambia vizuri.

Kesho yake nilianza kufundisha kwenye saruji. Anayetaja godoro namtoa nje. Nilirudi Namawala, nikalilaza sanamu chini, na yule bibi aliponiambia uchuro nilimjibu kwa ukali ambao mtu hapaswi kumjibia aliyemwamkia shikamoo. Walibonyeza chini wote, wakashangaa kwa nini taa zimekuwa nyekundu. Niliwaambia wamesahau. Sikuwaambia kwamba hawakuwahi kujua.

Lakini jioni ile ya ofisini ilinibidi kwanza nirudi nyumbani. Mume wangu alikuwa amewahi kutoka kazini, ameoga, amekaa mezani na ugali umepoa mbele yake. Alijua nilikokuwa. Alikuwa ananisubiri tangu wiki ile ya msiba, nadhani, na hakuwa amelala vizuri hata siku moja. Kwao walikuwa wamemwambia aende akatakaswe kwa kuwa alimgusa mkwe, na yeye akasema atakwenda akishajua.

"Kimesema nini?" akauliza.

Nilivua viatu. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, nimeipanga njiani: ulibonyeza vizuri, mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Ni fupi. Nilifungua mdomo niiseme, nikamwona alivyokaa, mikono yote miwili juu ya meza kama anayengoja kuchapwa, na nikamchukia. Nilimchukia kwa sababu alinitii. Angekuwa mkaidi, angemwacha mama pale alipoangukia, angefanya lolote kwa akili yake mwenyewe, lawama ingepata pa kukaa. Alifanya vile vile nilivyomwambia, na nisingeweza kumwambia hivyo bila kubaki mimi peke yangu katika chumba kile na mama.

"Nyekundu," nikasema.

"Zote?"

"Nyingi. Mkono wako ulikuwa mwepesi. Ulimwonea haya."

Hakubisha. Nilitamani abishe. Mikono yake ilikuwa inajua jinsi ilivyobonyeza, jirani alikuwa shahidi, masikio yake mwenyewe yalikuwa yamesikia kidude kikimsifu, na akaviacha vyote akaniamini mimi. Alitikisa kichwa polepole, juu chini, kama mtu aliyepewa jibu ambalo alilitarajia.

"Nilidhani nasikia vizuri," akasema. "Kumbe nilikuwa natamani tu."

"Watu husikia wanachotaka."

Kisha akasimama, akazunguka meza, akapiga goti mbele yangu, yeye mwanaume mzima, Msukuma, akasema, "Mama watoto, nisamehe. Nimemuua mama yako."

Nikamwambia nimekusamehe, na akaniambia asante.